Mapipa ya Mzee Haule

Siku mliponiaga pale ofisini Njombe, baada ya soda na hotuba, yule dada mpya wa ukaguzi wa viuatilifu aliniuliza mbele ya wote: "Mama, zamani kabla ya fomu hizi zote, sumu zilizokwisha muda mlikuwa mnazipeleka wapi?" Nikajibu kwamba tulikuwa tunazila na makande. Mkacheka, nami nikacheka, keki ikakatwa. Lakini nilipofika nyumbani jibu lile lilianza kunikera. Swali lilikuwa zuri na lilistahili jibu la kweli. Mtu wa kulijibu ni Mzee Haule, naye hayupo, kwa hiyo nalijibu mimi.

Vyeo na mishahara siandiki. Mafaili yangu yako masjala, na kama panya wamebakiza kitu mtasoma wenyewe.

Nilianza kazi Makambako, katika ghala la pembejeo la chama kikuu cha ushirika, si mbali na stesheni. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha kilimo, viatu vipya, na sweta jepesi lisilofaa kwa upepo wa pale. Mtunza ghala alikuwa Mzee Haule, Mpangwa wa Mlangali, mfupi, mwenye koti la kaki lililochakaa kwenye viwiko. Nilimnyooshea mkono kumsalimia, akarudisha wa kwake nyuma.

"Sikupi mkono, mwanangu. Nimetoka kushika dawa. Tusalimiane kwa mdomo tu."

Kisha akafungua mlango na madirisha ya upande wa upepo, akanisimamisha nje. "Unajua Salamu Maria?" Nikasema ninaijua, mimi ni mtoto wa misheni. "Basi sali kumi, polepole. Ukimaliza ndiyo tunaingia."

Nilidhani ananipima imani. Kumbe alikuwa anapima hewa. Saa hakuwa nayo, na alikwisha kuona kwamba Salamu Maria kumi zinatosha harufu ya ndani kupungua hadi macho yasiwashe. Dereva wetu wa lori, Bwana Shabani, mtu wa Kondoa aliyehamia Makambako na kuoa hapo hapo, alikuwa akisimama pembeni na tasbihi yake akimtania: "Mzee, hizo zako fupi. Ngoja nimalize zangu, ndiyo hewa itakuwa safi kweli." Na mara nyingi walingojana. Leo mnavyo vifaa vya kupima hewa, vinalia vikiona hatari. Ni vizuri. Ila mimi hadi leo nikifungua stoo yoyote midomo inacheza yenyewe.

Ndani kulikuwa na kila kitu ambacho serikali na wafadhili walileta enzi zile: magunia ya DDT, unga wa kuhifadhia mahindi, mapipa ya dawa ya maji yenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza. Mzee alinifundisha kuanza na pua kabla ya lebo, kwa sababu lebo zilibanduka, na nyingine ziliandikwa kwa lugha ambazo hata mkuu wetu wa chuo asingeweza kuzisoma. Alinifundisha kumwaga vumbi la mbao mahali palipovuja. Vumbi lenyewe tuliletewa kwa magunia kutoka Matembwe, kwa wapasua mbao. Unalimwaga, unaliacha linywe, unalifagia kuelekea kwako, kamwe si kuelekea mlangoni. Chakula tulikula ng'ambo ya barabara, chini ya mikaratusi, baada ya kunawa kwa majivu na maji baridi hadi vidole vinakufa ganzi. Makande yake aliyafunga katika kitambaa cheupe alichokifua mkewe, Mama Severini, na kila Jumatatu aliporudi kutoka nyumbani alikuwa ameongeza fungu langu. Nayatamani makande yale kuliko chakula chochote nilichokula kwenye semina za hotelini.

Kazi iliyotufanya tuchukiwe mji mzima ilikuwa ya kutoboa mapipa. Pipa likiisha dawa, Mzee alilitoboa kwa sululu: chini, ubavuni, na mfunikoni. Nyinyi mmezaliwa wakati wa ndoo za plastiki, hamwezi kujua pipa la chuma lilikuwa nini. Lilikuwa tangi la maji na chombo cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakati wa harusi. Watu walisimama uzioni wakitutazama tunavyoharibu mali, wakisonya. Alikuja katekista, akaja mwalimu mkuu, akaja askari. Wote waliambiwa vilevile: hili halisafishiki, hata ukilichoma moto, hata ukilijaza mchanga.

Siku moja shemeji yake alisafiri kutoka Mlangali na debe zima la maharage, kuomba pipa moja la harusi ya binti yake. Mzee alimpokea vizuri, akampa chai, akamuuliza habari za wote nyumbani hadi mbuzi. Kisha akachukua sululu, akalitoboa pipa lile mbele yake.

"Shemeji!" yule mgeni akapiga kelele. "Ndiyo nini sasa?"

"Ndiyo harusi," Mzee akasema. "Nataka wageni wako waende kwao kwa miguu yao."

Shemeji alirudi na maharage yake, na nauli Mzee alimlipia yeye. Mwaka mzima hawakusemezana. Nilimwonea huruma Mzee, lakini pia nilijivuna kufanya kazi na mtu wa namna ile.

Halafu yakaja mageuzi, soko huria. Mji ulifumuka kwa mwaka mmoja. Kila juma kibanda kipya, mitumba, redio, wanunuzi wa mahindi kutoka kila mkoa, malori yamepanga foleni hadi njia panda. Unga wa mahindi, ule wa kuua wadudu, ukaanza kuuzwa gulioni kwa kijiko, ukifungwa kwenye karatasi za daftari la shule. Nilipomuuliza muuzaji mmoja ni dawa gani, alinijibu bila kupepesa macho, "Ni ile nyeupe, dada."

Chama kikuu kilikuwa kinakata roho. Wenzetu walipewa barua mmoja baada ya mwingine, hadi tukabaki wawili na rundo la vitu ambavyo hakuna aliyevitaka. Ghala likapata mpangaji, mfanyabiashara wa nafaka. Ikaja amri ya mistari miwili kutoka kwa waliokuwa wanafilisi chama: ghala liwe tupu, vilivyokwisha muda vifukiwe. Namna ya kuvifukia haikuandikwa.

Mzee Haule wakati huo macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kama ni dawa au ni umri tu, hakuna aliyempima. Aliona mtu amesimama, lakini sura aliijua kwa sauti. Leja nilimsomea mimi. Kwenye ngazi alishika bega langu. Hakulalamika hata mara moja, ila alizoea kuniuliza maswali mafupi, nami nikawa namjibu huku naendelea na shughuli zangu.

Tulipewa sehemu kwenye mteremko nje ya mji, upande wa kuelekea Njombe. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimekwisha kuvunwa, watu wote wako mashamba ya juu wakitifua ardhi kungoja mvua. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mzee hakuiamini ardhi kavu ya kiangazi. Alisema miti ndiyo inayojua maji yako wapi.

"Filomena, unaona nini hapo chini?"

"Visiki tu, mzee."

"Visiki vya nini?"

Nilivitazama. Vilikuwa vya mivengi. Kwetu Ubenani hata mtoto anaujua mvengi, na anajua unaota penye maji, ndiyo maana wazee walikataza kuukata. Hivi vilikatwa zamani, vimekauka, na udongo ulikuwa mkavu na laini wa kuchimbika. Mfukoni mwangu nilikuwa na barua ya kuitwa kwenye usaili wa kazi ya halmashauri Njombe, kesho yake asubuhi. Gari la mwisho lilikuwa linaondoka saa kumi. Kuhama pale na kutafuta mahali pengine kungetuchukua siku nzima.

"Vya miwati," nikasema, mti wa kupandwa unaoota hata pakavu.

Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Haya, tuchimbe." Tulichimba na vibarua watatu, shimo la kina kizuri, tukaweka udongo wa mfinyanzi na chokaa, tukapanga mapipa kumi na saba na magunia juu yake. Kila kitu kilifanyika kama alivyofundisha, isipokuwa mahali penyewe. Nikawahi gari. Kazi nikaipata, na ndiyo hiyo mliyonipigia makofi siku ya kuniaga. Naomba mjue kwamba ilianzia kwenye jibu lile.

Mzee alipewa barua yake mwezi uliofuata, akarudi Mlangali. Mimi nikakaa Njombe na meza mpya. Masika yale mvua ilikuwa kubwa, na kila iliponyesha nilikumbuka ule mteremko. Nilijiambia kwamba visiki ni vya zamani, maji yalikwisha hama. Mvua zilipoelekea kwisha nilishindwa kuvumilia, nikapanda gari, nikashuka njiani, nikateremka bondeni kwa miguu.

Nilimkuta mama mmoja akianza kufungua kinyungu chake. Baadaye nilimjua kwa jina la Mama Nyagawa. Hatua kama mia chini ya shimo letu, chemchemi ilikuwa inabubujika kati ya mawe, safi kabisa, na ndoo mbili zimekingwa.

"Kamwene!" akanisalimia kwa furaha. "Karibu. Umeona maajabu? Hii ilikauka tangu walipokata ile miti, na mwaka huu imerudi. Kunywa, mwanangu, umetembea."

Akanichotea kikombe. Nilikishika kwa mikono miwili. Kisha nikakimwaga chini, mbele yake.

Furaha ilimtoka usoni. "Maji yangu machafu?"

"Mama, tumefukia dawa pale juu. Sumu. Ni mimi na wenzangu. Msinywe, msioshe mboga, msinyweshe ng'ombe."

Alitazama juu, akanitazama mimi, akazitazama zile ndoo. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Wajukuu zangu wamekunywa haya maji mwezi mzima." Alisema hivyo bila kupaza sauti. "Nyinyi watu wa dawa. Hamkuona visiki vya mivengi? Mmesoma nini huko shuleni?"

Alizimwaga ndoo zake, moja baada ya nyingine, akaondoka kwenda kuwaita wenzake. Wajukuu wale walipelekwa hospitali Ilembula wakaonekana hawana tatizo, na maji yenyewe hayakuwa na harufu. Lakini maabara ya kuyapima hatukuwa nayo, na hadi leo sijui ni nini kilifika ndani yake. Hilo ninatembea nalo.

Mkuu wangu mpya alinipa glavu, maturubai, na ruhusa ya mdomo ya kufukua, kisha akasema yeye hajui chochote. Lakini kufukua peke yangu nisingeweza. Aliyejua kila pipa lilivyopangwa, lipi lilikuwa bovu chini na lipi lilikuwa na nini, alikuwa mmoja tu. Nikaenda Mlangali na Bwana Shabani.

Mzee Haule alikuwa amekaa kibarazani anapukuchua maharage. Alinijua kwa hatua zangu. "Filomena!" akasema, akasimama, na safari hii akanipa mkono. Nikamweleza yote nikiwa bado nimemshika. Nilipomaliza aliketi, akaendelea kupukuchua maganda mawili, matatu.

"Ulisema vya miwati."

"Ndiyo, baba."

"Hukuona vizuri?"

"Niliona vizuri."

Maharage yalimwangukia chini, hakuyaokota. Nililia. Sikumwambia habari ya usaili, ila nadhani aliijua, maana barua ile ndiye aliyeipokea kwa tarishi na kuniletea. Kisha akaita ndani: "Mama Severini, niletee koti langu. Natoka."

Tulifukua siku mbili kwenye manyunyu. Wanakijiji walitaka kusaidia, Mzee akawakataza wasivuke kamba. Tulikuwa yeye, mimi, Shabani, na vibarua wale wale watatu, tumejifunga vitambaa na maturubai. Yeye alipiga magoti ukingoni, akapapasa kila pipa kwa glavu kabla halijainuliwa. "Hili zima. Hili lina ufa, lishikeni kutoka chini. Hili, ngojeni kwanza." Mawili yalikuwa yameoza matako. Tuliyaingiza ndani ya mapipa makubwa zaidi, tukashindilia vumbi la mbao pande zote, tukakomba na udongo wake hadi ulipokuja udongo usio na harufu. Mkinisikia nikiwagombeza kuhusu kuweka chombo ndani ya chombo, nilijifunza pale, kwa mtu aliyekuwa anaona ukungu tu.

Alipomaliza aliomba apelekwe kwa Mama Nyagawa. Hakuwa na hotuba. "Mama, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kazi hii. Nisamehe. Msiguse maji haya hadi masika mawili yapite." Yule mama alimtazama namna alivyokuwa anaelekeza uso pembeni kidogo ya pale alipokuwa amesimama, akamshika mkono, akamgeuza amwelekee. Wanawake wa bonde lile walichota maji mbali, ng'ambo ya kilima, kwa masika mawili. Nilikuwa nikipita na kuwaona na ndoo kichwani, na sikuwahi kupungia mkono.

Mapipa tuliyafungia katika chumba cha sementi kwenye ghala la zamani la pareto, nje ya Njombe. Tulipoachana Mzee alisema neno moja tu kwangu: "Funga vizuri." Shabani akampeleka kwao.

Nililipima neno lile kwa hatia yangu mwenyewe. Nikasikia ndani yake kwamba hana tena la kusema nami. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili halikuwa la haraka, lilikuwa la miaka. Shabani alipokuwa anapita Mlangali kuchukua mahindi nilimpa sukari, blanketi, dawa ya macho, redio ndogo. Akirudi alisema, "Mzee hajambo, ameshukuru." Mimi sikwenda. Kila likizo nilipanga kwenda, nikajiambia nitakwenda mapipa yakiondoka, niwe na kitu cha kumpa. Nilikagua kile chumba kila mwezi. Nilisali zangu kumi mlangoni, nikaingia, nikapapasa kila pipa kama yeye. Wakuu wanne walinipita, kila mmoja akiandika kwamba suala linashughulikiwa.

Mzee Haule alifariki nikiwa kwenye mafunzo mbali na nyumbani. Nilirudi wakati matanga yamekwisha anuliwa. Sikwenda hata hapo.

Mradi wa kukusanya sumu chakavu ulipofika kwetu, wengi wenu mlikuwa bado shule. Walikuja watu wamevaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, wakapima, wakabandika lebo, wakapakia. Tuliambiwa zitakwenda kuchomwa ng'ambo, kwenye tanuru zenye moto wa kutosha. Kiongozi wao alizunguka mapipa yetu, akauliza ni nani aliyeyafunga, maana katika mikoa aliyopita hakuwa ameona yaliyofungwa vizuri namna ile. Nikamtaja Mzee Haule. Akataka kumpa mkono. Lori lilipopinda kona nilibaki nimesimama peke yangu kwenye chumba kitupu, na nilitamani Mzee yule angekuwapo. Kesho yake nikapanda basi la Mlangali.

Mama Severini alikuwa amezeeka, lakini aliniamkia kabla sijamwamkia, akanipeleka kaburini, akaniacha nizungumze. Nikamwambia Mzee kwamba mapipa yameondoka, kumi na saba yote. Tuliporudi aliniwekea makande. Nikapata ujasiri wa kuuliza.

"Mama, alikufa amenikasirikia?"

"Kukasirika? Kwa nini?"

"Kwa vile visiki."

"Ah, visiki. Alinisimulia siku ileile aliporudi kutoka kufukua. Alisema kosa ni lake, alikuuliza huku anajua una haraka." Akanisogezea bakuli. "Mwanangu, huyu mtu alikuwa anakungoja wewe. Basi la Njombe likisimama pale barabarani, anainuka, anachukua fimbo. Namwambia, baba, huoni, unakwenda kumpokea nani? Ananiambia, Filomena atakuja tu, tuzungumze habari za kazi. Anasimama pale hadi basi liondoke, halafu anarudi anakaa. Ikawa hivyo hadi aliposhindwa kuinuka."

Sikuweza kula. Kutoka Njombe hadi Mlangali, hata kwa barabara ya miaka ile, ni safari ya nusu siku, na mimi nilikuwa na likizo kila mwaka.